Mtani Aliyevaa Tai

Nasibu aliporudi kwao na shahada, kule milimani juu ya Kinole, watu walimletea vikohozi. Walimletea na majipu, na mzee mmoja alivua kabisa kiatu cha mpira amwonyeshe kidole kilichooza kucha. Nasibu akawa anarudi nyuma nyuma kama mtu aliyeonyeshwa nyoka.

"Mzee wangu, mimi sikusomea kutibu. Nimesomea uongozi wa hospitali."

"Uongozi?" mzee akashangaa, kidole bado kiko hewani. "Kwani hospitali inakwenda wapi hata iongozwe?"

Watu wakacheka, na Nasibu naye akacheka, lakini jibu alikuwa nalo na alilipenda. Alikuwa akilieleza kila mahali, hata kwa mtu ambaye hakumuuliza. Daktari anatibu, sawa. Lakini nani anahakikisha chumba cha kujifungulia kina maji? Nani anajua kwamba mtungi wa oksijeni umebaki mmoja tu, na nesi wa zamu ya usiku hana wa kumpokea asubuhi? Yupo mtu anayefanya hayo, anaitwa Katibu wa Afya, na Nasibu alitaka kuwa huyo mtu kuliko alivyotaka kitu kingine chochote duniani. Ajabu, sivyo? Wenzake wa rika lile walitaka kuwa wachezaji mpira na wanamuziki. Yeye alitaka kuwa mtu anayejua mitungi imebaki mingapi.

Mama yake, Mwanaasha, alikuwa na shamba la ndizi na mananasi. Lilikuwa shamba la ukoo wa upande wa mama, kama kawaida ya Waluguru, na kutoka humo alikuwa amemsomesha mwanawe kwa mikungu ya kichwani. Hakuwahi kusema amechoka. Ila kila akirudi sokoni mjini alikuwa akiuliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua, "Hawajakuita bado?" Nasibu alikuwa ameomba kazi kila mahali palipotangazwa, na hakuna aliyemwita. Mwishowe akafanya kama wanavyofanya vijana wengi wenye vyeti: akaenda kujitolea, katika hospitali moja ya shirika iliyo chini ya mlima, ambako ukungu wa asubuhi unashuka mpaka kwenye madirisha ya wodi.

Siku ya kwanza alivaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka linakaribia kukatika. Katibu wa Afya alikuwa Mzee Athanas, mwanamume mrefu mwenye mvi, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja. Alimtazama Nasibu juu mpaka chini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kwenu wapi, kijana?"

"Kinole, mzee. Huko milimani."

"Mluguru?"

"Ndiyo, mzee."

Athanas akasukuma kiti, akasimama, akaenda mpaka mlangoni na kuita kwa sauti iliyofika chumba cha mhasibu. "Lucy! Lucy, njoo uone dhambi! Nimeomba msaidizi, wameniletea mla ndizi!"

Nasibu akarudi hatua moja nyuma. Kisha akaona mabega ya mzee yanatikisika.

"Na wewe mzee kwenu wapi?" akauliza polepole.

"Tabora."

"Mnyamwezi!" Nasibu akapumua. "Ndiyo maana nimeona mtu amekaa kitini kama aliyetua mzigo. Babu zangu waliwapa maji mkipita hapa na misafara, vibuyu vyetu hamjarudisha mpaka leo."

Mzee Athanas alicheka mpaka akavua miwani kuyafuta machozi. Kuanzia hapo hakumwita tena kijana, wala Nasibu. Alimwita mtani.

Wanyamwezi na Waluguru wametaniana tangu enzi hizo za misafara, na utani wenyewe hauulizi umri wala cheo. Mtoto wa juzi anaweza kumwambia mzee mzima maneno ambayo angeyasema kwa mtu mwingine angechapwa. Lakini si maneno tu. Kukiwa na msiba mtani ana kazi. Anakuja kuwavuruga wafiwa, anamwigiza marehemu, anazuia jeneza na kudai vitu vya ajabu, mpaka watu waliokuwa wanalia wanajikuta wanacheka huku machozi hayajakauka. Wafiwa wanamsubiri. Asipokuja, wanajua hakuja.

Basi hospitalini mambo yakaenda hivyo. Kila asubuhi kabla ya ofisi, Athanas alimzungusha Nasibu wodi zote, jikoni, stoo, kufulia, na vyooni. Vyooni ndiko alikoanzia. Alisema akiona choo anajua hospitali nzima imelalaje.

"Mtani, leo pasafi. Naona umeshajifunza kutembea kwenye tambarare, hushiki shiki miti tena."

"Nimefuata harufu ya viazi vyako vikavu, mtani, ndiyo iliyoniongoza."

Wauguzi walizoea kusimama na sinia za dawa kuwasikiliza. Na katikati ya maneno hayo Nasibu alikuwa akijifunza kazi mpaka ikamwingia mwilini. Alizipanga upya zamu ili wauguzi wanaoishi ng'ambo ya mto wasivuke gizani. Alijua ndugu wa mgonjwa akianza kupiga kelele huwa hana haja ya kujibiwa, ana haja ya kupewa kiti. Lucy mhasibu alisema hospitali imepata Makatibu wawili kwa mshahara wa mmoja, na Athanas akajibu huyo wa pili analipwa kwa vichane vya ndizi.

Mchana Nasibu alikula kwa Athanas, katika nyumba za watumishi nyuma ya hospitali. Mke wa Athanas aliitwa Yuliana. Alikuwa mama mnene mwenye sauti ya kuamsha mtaa, na mguu wake wa kushoto aliutupa nje kidogo akitembea, kama anayepiga teke kitu ambacho wengine hawakioni.

"Kula, Mluguru," alikuwa akimwambia, akimwongezea kisamvu cha karanga. "Kula usiogope. Hapa hakuna mjomba wa kuja kukunyang'anya sahani."

"Mboga tamu, mama. Mmeiiba kwa nani?"

"Kwa mama yako!"

Na Nasibu alikuwa akiinuka, anajifunga kitambaa cha meza kiunoni, anautupa mguu wa kushoto nje na kuwafokea kuku uani kwa sauti ileile ya Yuliana. Alimpata barabara. Hata kuku, wallahi, walikuwa wanakimbia. Yuliana alijishika mbavu akamwomba aache, na akiacha, akamwomba arudie.

Kisha figo zake zikaanza kuharibika. Hazikuharibika kwa siku moja. Kwanza miguu ilivimba, mara chakula hakina ladha, mara amelazwa, ametoka, amelazwa tena. Athanas aliendelea kuzunguka wodi kila asubuhi, ila ya mwisho sasa ilikuwa ya wanawake, na hapo alikaa.

Siku moja ya masika, mvua inapiga bati mpaka watu wanazungumza kwa kelele, Yuliana alimwashiria Nasibu asogee.

"Mimi nikifa nazikwa hapahapa," alisema. "Nimeshakula ndizi zenu nyingi, udongo wenu hauwezi kunikataa. Na mtani wangu ni wewe. Umesikia? Wapo Waluguru wengi, lakini mimi namtaka anayejua kutembea kama mimi."

"Mama, acha hayo."

"Utavaa gauni langu la zambarau, utakwenda mbele ya jeneza, na utawafokea wote. Usiniache nikazikwa kama mtu anayetoka kwenye semina."

Nasibu alicheka kwa sababu ndivyo mtani anavyofanya. "Sawa, lakini nadai kuku wote."

"Utapata manyoya. Ahadi?"

"Ahadi, mama."

Athanas alikuwa amesimama dirishani akijifanya anatazama chupa ya dripu. Hakugeuka. "Umesikia, mtani," alisema. "Siku hiyo mimi sitaweza kucheka peke yangu."

Mvua zilipokatika ikasikika kwamba Athanas anastaafu mwisho wa mwaka, na bodi ya hospitali itachagua Katibu mpya. Jambo lile Nasibu alikuwa amelisubiri tangu chuoni, na lilipokaribia lilimbadilisha kidogo kidogo. Alianza kujiangalia kwenye vioo vya milango. Alianza kusema "kimsingi" kabla ya kila sentensi. Mwenyekiti wa bodi alikuwa Dokta Eustace, daktari mstaafu asiyepandisha sauti, ambaye hata soksi zake zilionekana zimepigwa pasi. Mchana mmoja alitokea kwenye kona ya korido na kumkuta Nasibu anamwigiza Yuliana mbele ya wauguzi wawili, kitambaa kiunoni, mguu uko nje. Wauguzi wakatawanyika. Dokta Eustace akamtazama, kisha akamgeukia Lucy aliyekuwa naye.

"Huyu ndiye?" aliuliza, na akapita.

Maneno mawili tu! Yakamganda Nasibu kama ulimbo. Huyu ndiye nani? Ndiye yule mchekeshaji? Ndiye anayetaka kuongoza hospitali? Alimuuliza Lucy, na Lucy, ambaye hakuwa na ubaya wowote, akasema, "Sijui, kaka. Ila bodi wanapenda mtu mwenye uzito."

Kuanzia siku hiyo Nasibu akautafuta uzito. Alinunua suti nyeusi ya mtumba na tai ya bluu. Utani wa asubuhi aliujibu kwa sauti ya chini, macho yakiangalia kama kuna mtu anakuja, na korido ikiwa na wageni alijibu, "Ni kweli, mzee," basi. Athanas alidhani kijana ana wasiwasi wa usaili. Akamwachia.

Yuliana alifariki asubuhi moja ya kiangazi, mlima uko wazi mpaka juu. Usaili ulikuwa umepangwa wiki iliyofuata.

Shughuli yote ya msiba ikaangukia kwa Nasibu, na aliifanya kama kazi aliyozaliwa nayo. Maturubai yalifika, viti vikatosha, maji yakawepo, gari la jeneza likajulikana linapita wapi. Aliandika ratiba yenye muda wa kila jambo. Bodi nzima ingekuja, na kwenye ratiba hiyo, kati ya ibada na safari ya makaburini, hakukuwa na nafasi ya mtani. Alijiambia ataiingiza hapohapo ikibidi. Alijiambia pia kwamba Yuliana alikuwa mgonjwa siku ile aliposema, na mtu mgonjwa husema mengi.

Asubuhi ya maziko aliingia sebuleni kwa Athanas na tai yake. Kwenye mgongo wa kiti lilikuwa limetandikwa gauni la zambarau, limepigwa pasi, na juu yake kilemba. Chini ya kiti zilipangwa ndala za Yuliana, ya kushoto imelika upande. Pasi ilikuwa bado mezani, na Athanas, aliyekuwa hajawahi kupiga pasi hata shati lake, alikuwa na alama nyekundu ya kuungua kidoleni.

Mzee alikitazama kiti, kisha akamtazama Nasibu.

"Mtani," alisema. "Saa ngapi?"

Nasibu alishika fundo la tai. "Tutaona, mzee. Ratiba ni ndefu kidogo."

"Haya," Athanas akasema. "Mimi nipo nje."

Ibada ilikwisha. Watu walikuwa wamekaa chini ya maturubai, bodi mstari wa mbele, Dokta Eustace mikono juu ya magoti. Jeneza lilikuwa linakaribia kunyanyuliwa ndipo kelele ilipotokea getini.

"Yuko wapi huyo Mnyamwezi? Yuko wapi? Amekula ndizi zetu miaka yote, sasa anataka na udongo wetu! Haingii mtu kaburini leo mpaka tuzungumze!"

Alikuwa Mwanaasha. Alikuwa ameshuka mlimani na wanawake wenzake wa Kinole, khanga zimefungwa kiunoni, yeye ana mkungu mzima kichwani na mikono ameiachia. Nyuma yake mmoja alikuwa amebeba mchi kama bunduki. Hawakuwa wamemjua Yuliana vizuri kiasi hicho. Walijua tu kwamba ni mtani, kwamba kijana wao anakula kwake, na hiyo ilitosha.

Kwenye kiti cha wafiwa Athanas aliinua kichwa. Tangu asubuhi ya msiba uso wake ulikuwa umefungwa, watu walimpa mkono akawatazama kama wako mbali. Sasa pembe ya mdomo ikaanza kusogea. Akageuza shingo kumtafuta Nasibu.

Nasibu yeye alikuwa anamtazama Dokta Eustace. Dokta alikuwa amevua miwani. Amevua miwani tu! Mtu anaweza kuvua miwani kwa mambo mia. Lakini Nasibu aliona jambo moja tu, akaenda getini kwa hatua za haraka, huku anatabasamu kwa wageni pande zote mbili kama mhudumu wa hoteli.

"Mama, tafadhali."

"Umevaa nini wewe? Gauni liko wapi? Tuliambiwa unavaa gauni."

"Mama, nakuomba. Leo kuna wageni. Bodi ipo."

"Bodi ndiyo nani? Naye amefiwa?"

"Kuna utaratibu, mama. Hapa si Kinole."

Mwanaasha alimtazama mwanawe, akatazama suti, akatazama viti vilivyopangwa. Akashusha mkungu polepole. Ni mtu aliyezoea kuutua mkungu kwa kishindo, lakini huu aliuweka chini bila sauti.

"Haya, baba," alisema. "Hatukujua."

Wale wanawake wakafungua khanga viunoni, wakajitanda, wakaenda kukaa kwenye mkeka wa nyuma kabisa. Aliyeshika mchi hakujua auweke wapi. Walikuwapo Waluguru wengine pale, majirani, waliokuwa tayari wameanza kuinuka; walipoona hivyo wakakaa. Athanas alikuwa ameona yote. Pembe ya mdomo ikarudi mahali pake.

Makaburini Nasibu alisoma salamu za rambirambi kwa niaba ya hospitali. Alisoma vizuri, kwa sauti nzito. "Marehemu alikuwa mdau muhimu wa taasisi yetu," alisoma, na aliyesikia bila kujua angedhani wanazika kampuni. Udongo ukaingia. Hakuna aliyezuia jeneza, hakuna aliyedai kuku. Palikuwa na utulivu mkubwa, na ndani ya utulivu huo Athanas alikuwa akigeuka kidogo kila anaposikia hatua nyuma yake, kama mtu aliyeambiwa mgeni yuko njiani.

Watu walisifu. Dokta Eustace alimpa Nasibu mkono. "Umepanga vizuri sana," alisema. "Hongera kwa kazi." Na Nasibu, aibu iliyoje, alifurahi. Furaha hiyo ilidumu mpaka alipoingia sebuleni.

Gauni lilikuwa bado kwenye kiti. Alisimama mbele yake. Nyumba ilikuwa na watu wachache, bodi ilikuwa imeondoka, na alifikiri, sasa, hata sasa, nikilivaa tu nikatoka hapo uani. Akanyoosha mkono. Lakini Athanas aliingia, akalichukua gauni, akalikunja kwa uangalifu, mikono ndani kwanza, akaweka kilemba juu.

"Asante sana, Bwana Nasibu," alisema. "Umetusaidia mno."

"Mtani..."

"Asante sana."

Hapo ndipo utani ulipoisha. Hakufokewa, hakununiwa, hakunyimwa chakula. Wiki iliyofuata Athanas alimtakia heri ya usaili na kumrekebishia kola ya shati. Ila alimwita Bwana Nasibu. Asubuhi walizunguka wodi, vyooni kwanza kama kawaida, na mzee alimweleza kila kitu kwa adabu, kama anavyoelezwa mkaguzi. Wauguzi walisubiri na sinia zao. Baadaye wakaacha kusubiri.

Usaili alifaulu. Bodi ilimwita ofisini, chai ikamiminwa, na Dokta Eustace akazungumza kwa sauti yake ileile ya chini.

"Usaili kwako ulikuwa wa kukamilisha taratibu, nikuambie ukweli. Bwana Athanas alitueleza habari zako tangu masika. Alisema hataki mwingine. Nami nilikuja siku moja kukuangalia, nikakukuta koridoni unawachekesha watu. Nikasema sawa, hospitali inahitaji mtu wa namna hiyo."

Nasibu alisema asante. Alisema tena asante. Kisha akatoka, akaenda mpaka nyuma, kwenye benchi la wafuaji, akakaa pale mashuka yanapepea mbele yake mpaka mfuaji akamuuliza kama anaumwa.

Mwisho wa wiki alipanda Kinole kupeleka habari njema. Mama yake alikuwa anamenya ndizi mbichi, vidole vimekuwa vyeusi kwa utomvu. Alimshukuru Mungu kwa sauti, akaita majirani, watu wakapiga vigelegele. Walipoondoka akarudi kwenye ndizi zake.

"Siku ile nilidhani ni amri ya hospitali," alisema. "Nikawaambia wenzangu, labda siku hizi ndivyo wanavyozika."

"Ilikuwa amri yangu, mama."

"Najua. Nilikuona macho." Akamenya nyingine. "Umemwomba radhi?"

"Nitamwombaje? Sijamtukana."

"Si ndilo kosa lenyewe hilo." Mwanaasha akaacha kisu. "Watani wakikoseana hutaniana tu, yakaisha. Sasa wewe umekosa kwa kutotania. Hapo hata mimi sijui unaingilia mlango gani."

Hata hivyo alijaribu. Jumatatu alimkuta Athanas stoo, anahesabu mashuka ili amkabidhi. Nasibu alisimama mlangoni, akasema kwa sauti ya zamani, "Naona leo Mnyamwezi amekuja bila mzigo kichwani! Umeuacha kituo gani?"

Athanas alitabasamu. Lilikuwa tabasamu analowapa wafadhili wanaokuja kupiga picha.

"Ndiyo, Katibu," alisema. "Funguo za stoo hizi hapa. Hii ndogo inagoma, uigeuze taratibu."

Miezi ikapita. Nasibu akawa Katibu mzuri, lazima isemwe. Mitungi haikuisha, maji hayakukosekana, wauguzi wa ng'ambo ya mto walivuka mchana. Alifanya kila kitu alichowahi kutamani kukifanya. Na kila alipoingia mahali watu waliokuwa wanacheka walinyamaza na kusema shikamoo, hata waliomzidi kidogo umri. Jioni nyingine alikwenda makaburini kung'oa majani kwenye kaburi la Yuliana. Alijaribu kumtania pale. Alianza, "Wewe Mnyamwezi," akasikia sauti yake ilivyo, akaendelea kung'oa majani.

Siku Athanas aliporudi Tabora moja kwa moja, Nasibu alimsindikiza mpaka kituo cha mabasi cha Msamvu. Alimkataza dereva wa hospitali asibebe chochote. Sanduku alilibeba mwenyewe, na mfuko wa ndizi za safari kutoka kwa Mwanaasha. Basi lilikuwa limeshawasha injini. Wauza maji, wauza korosho, wapiga debe wanaita Dodoma, Singida, Tabora. Athanas alikuwa ameweka mguu kwenye ngazi ya kwanza.

Nasibu akalitua sanduku. Kisha, kabla hajafikiri, akalinyanyua tena na kulipachika kichwani. Akautupa mguu wa kushoto nje.

"Mnyamwezi haondoki!" akapiga kelele. "Mnyamwezi haendi popote! Vibuyu vyetu viko wapi? Kuku wangu wako wapi? Konda, zima gari!"

Akatembea. Suti, tai, sanduku kichwani, akatembea kama Yuliana kutoka mlango wa mbele wa basi mpaka wa nyuma na kurudi, anawafokea wauza korosho kama kuku. Alimpata, alimpata kila kitu, hata namna ya kujishika kiuno. Abiria wakatoa vichwa madirishani. Watu wasiomjua Yuliana walicheka mpaka wakapigana mabega.

Athanas hakucheka. Alisimama palepale kwenye ngazi, ameshika chuma cha mlango, na machozi yakamtoka bila kuyafuta. Nasibu alipofika mbele yake akasimama, anahema, jasho linaingia kwenye kola.

Mzee alinyoosha mkono, akalishusha sanduku kutoka kichwani kwake kama unavyomshushia mtoto mzigo.

"Acha sasa, mwanangu," alisema kwa upole. "Utachafua suti."

Akapanda. Mlango ukafungwa, basi likatoka taratibu kuifuata barabara ya Dodoma, na Nasibu aliinua mkono muda mrefu bila kujua kama kuna anayemwona.

Mpiga debe mmoja, kijana mwenye kofia nyekundu, alimsogelea bado anacheka. "Kaka, umenivunja mbavu! Ulikuwa unamwigiza nani?"

"Mama mmoja wa Tabora. Amezikwa hapa Morogoro."

"Alaa. Mtani wako?"

Nasibu alifungua mdomo kujibu. Yule kijana akasimama pale na kofia yake, anasubiri.